Barua ya wazi kwa wasimamizi wa upandikizaji wa ini: Fungueni chati za usingizi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali,
Mkurugenzi Mtendaji,
na Wajumbe wa Kamati ya Upandikizaji.

Waheshimiwa,

YAH: CHATI ZA USINGIZI NA NAFASI YA DAKTARI WA USINGIZI KATIKA UPANDIKIZAJI WA INI

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni daktari bingwa wa usingizi, yaani wa dawa za kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji, na mtafiti katika kitengo mnachokisimamia. Nimewaandikia barua tatu kwa njia ya ofisi kuhusu chati za usingizi, yaani kumbukumbu tunazoandika katika kila upandikizaji. Ya kwanza ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliipeleka kwa mkono wangu, ikasainiwa kwenye daftari la mapokezi, na mpaka leo sijasikia neno. Nimelibeba jambo hili kimya muda mrefu kwa sababu naipenda hospitali hii na nawaheshimu wapasuaji ninaokesha nao. Lakini wagonjwa wanaohusika hawana muda wa kusubiri, ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Sitataja jina la mgonjwa wala la mwenzangu yeyote. Ninachokishitaki ni utaratibu, na utaratibu mnao uwezo wa kuubadilisha.

Kabla ya hoja zangu, niwaeleze wasomaji wasio wa fani hii kwa nini usingizi wa mgonjwa wa ini haufanani na usingizi mwingine. Ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya vitu vinavyogandisha damu, na pia vile vinavyoizuia isigande kupita kiasi. Ndilo linalovunja dawa nyingi tunazompa mgonjwa. Katika upandikizaji tunamlaza mtu ambaye ini lake limekwisha, kisha kwa muda fulani anakuwa hana ini kabisa: la zamani limetolewa, jipya bado halijaanza kupitisha damu. Muda huo sitrati, kemikali inayozuia damu ya kuongezewa isigande, haina wa kuivunja, hivyo inaikamata kalsiamu ya mgonjwa na moyo unalegea. Halafu vibanio vya mishipa ya damu vinafunguliwa. Damu inapita kwenye ini lililotoka kwenye barafu na kurudi moyoni ikiwa baridi, ina asidi, imejaa potasiamu. Presha inaweza kuporomoka pale pale. Madaktari wa Pittsburgh, Marekani, waliiwekea hali hiyo kipimo mwaka 1987, na bado tunakitumia: presha ya wastani ishuke kwa asilimia 30 au zaidi, kwa angalau dakika 1, ndani ya dakika 5 tangu damu ifunguliwe. Moyo unaweza kusimama ndani ya dakika hizo. Mikono ya mpasuaji iko tumboni mwa mgonjwa. Anayetakiwa kuwa ameiona hatari ikija, na kuwa na dawa tayari kwenye sindano, ni daktari wa usingizi.

Mpasuaji wa Marekani Thomas Starzl alipojaribu kwa mara ya kwanza kupandikiza ini la binadamu, Denver, Machi 1963, mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, naye alivuja damu mpaka akafia mezani. Ilibidi kungoja hadi 1967 kumpata mgonjwa aliyeishi zaidi ya mwaka mmoja. Mengi yaliyobadilika tangu hapo yanajulikana, hasa dawa zinazouzuia mwili kulikataa ini la mtu mwingine. Yasiyosimuliwa sana ni yale yaliyotokea upande wetu wa shuka, kichwani mwa meza, na hayo yalipatikana kwa njia moja tu: watu waliandika kila walichokiona, kisha wakaruhusiwa kukisoma.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mgonjwa anachaguliwa bila sisi kumwona.

Kamati hukaa kila wiki. Wapo wapasuaji, wapo madaktari wa ini, yupo afisa ustawi wa jamii. Daktari wa usingizi huitwa "inapobidi", na katika miaka yangu yote hapa imebidi mara mbili. Orodha ya wanaosubiri ini hupangwa kwa alama za MELD, zilizoanza kutumika kugawa maini Marekani Februari 2002. Zilihesabiwa kwa vipimo vya damu: bilirubini (cha ini), kreatinini (cha figo) na kipimo cha kuganda damu. Sodiamu iliongezwa baadaye. Ni alama nzuri kwa kazi yake. Zinaonyesha nani yuko karibu zaidi na kifo asipopata ini. Kuhusu moyo wake na mapafu yake, na kama ataweza kuzivuka zile dakika 5, hazisemi kitu.

Nitoe mfano mmoja. Niliitwa saa nne usiku: ini limepatikana, mgonjwa yuko njiani. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa tayari kwenye machela. Katika jalada lake mlikuwa na kipimo cha moyo cha miezi minane nyuma, kimeandikwa wazi kwamba shinikizo la upande wa kulia linaonekana kupanda na kwamba achunguzwe zaidi. Hakuchunguzwa. Nilimlaza, nikapitisha mrija mpaka kwenye mshipa wa mapafu, na shinikizo la wastani likasoma zaidi ya 50. Walio katika fani hii hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa kiwango hicho, kufungua damu kwenye ini jipya ni kuutwisha moyo mzigo ambao hautauweza. Tulisimama. Ini lilikwenda kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa amelazwa, namshukuru Mungu halikuharibika. Nasi tukamwamsha mtu aliyelala akiamini kwamba akifumbua macho atakuwa na ini jipya.

Mke wake aliniuliza swali moja tu: "Daktari, hili hamkuweza kulijua mapema?"

Tungeweza. Tungeweza kulijua miezi minane kabla. Presha ya mishipa ya mapafu ikigunduliwa mapema ina dawa, na wapo wagonjwa ambao shinikizo lao limeshushwa chini ya 35 kisha wakapandikizwa wakaenda nyumbani. Yeye alianzishiwa dawa hizo akiwa amechelewa, na baada ya wiki chache akafariki. Sikumjibu mke wake vizuri usiku ule. Nilisema mambo ya kitaalamu, naye akaitikia kwa adabu kama watu wanavyowaitikia madaktari.

Nchini Marekani kanuni za mtandao wa taifa wa upandikizaji zinautaka kila mpango wa ini uwe na mkuu wa usingizi aliyeteuliwa rasmi, na kushiriki katika kuwatathmini na kuwachagua wagonjwa ni miongoni mwa kazi anazotarajiwa kufanya. Hawakuweka kanuni hiyo ili kuwapa madaktari wa usingizi cheo. Waliiweka kwa sababu mgonjwa wa namna hii hapaswi kukutana na daktari wake wa usingizi kwa mara ya kwanza kwenye machela.

2. Chati za usingizi zimefungiwa, na utafiti umefungiwa pamoja nazo.

Hii ndiyo hoja iliyonifanya nishike kalamu, na ndiyo nitakayoirefusha.

Kila upandikizaji unaacha chati: presha ya kila dakika chache, uniti za damu, kila dawa na kipimo chake, dakika ambayo vibanio vilifungwa na dakika ambayo vilifunguliwa. Tumeziandika kwa miaka, mara nyingine kwa mkono uliokuwa ukitetemeka kwa uchovu. Niliomba kuzisoma zote kwa pamoja ili kujibu maswali matatu. Ni wagonjwa gani wetu huporomoka presha ini likifunguliwa? Ni nani huishia kwenye mashine ya kusafisha damu baada ya figo kushindwa, na nini kilitangulia? Na je, plazma, yaani majimaji ya damu ya kuongezewa, tunayowamiminia kabla ya kisu inawasaidia au inawaumiza?

Kamati ya maadili ilinipa kibali. Ofisi ya kumbukumbu ikasema inahitaji saini ya uongozi. Saini hiyo nimeisubiri zaidi ya mwaka. Kibali kimeisha muda, nikakihuisha, na sasa kinakaribia kuisha tena.

Swali la plazma nalieleza kwa sababu linagusa kila mgonjwa. Tulifundishwa kwamba mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, damu yake ni nyepesi, kipimo cha kuganda kinaonyesha hivyo, basi apewe plazma. Mwaka 2011 watafiti wa Italia Armando Tripodi na Pier Mannuccio Mannucci walieleza kwa nini fikra hiyo ina kasoro: ini likichoka, vinavyogandisha vinapungua, na vinavyozuia kuganda vinapungua pia. Mizani inabaki, ila ni dhaifu, yaweza kulalia upande wowote. Kipimo cha kawaida kinatazama upande mmoja tu wa mizani hiyo. Plazma nayo inaongeza ujazo, shinikizo la mishipa ya tumbo linapanda, na pale mpasuaji anapokata panavuja zaidi. Daktari wa usingizi Luc Massicotte na wenzake huko Montréal, Kanada, waliacha mazoea hayo, wakaweka shinikizo la mishipa kuwa chini wakati wa kukata, na wakaripoti kwamba wengi wa wagonjwa wao walipandikizwa bila kuongezewa hata uniti moja ya damu. Sisi bado tunamimina plazma. Huenda kwa wagonjwa wetu tuna sababu njema ya kufanya hivyo. Jibu limo kwenye makabati ambayo funguo zake mnazo ninyi.

Naomba mkumbuke jambo moja katika historia ya fani yetu, kwa kuwa linahusu usingizi na ini kwa pamoja. Halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, ilianza kutumika mwaka 1956, na madaktari waliipenda. Kisha zikaja taarifa za wagonjwa waliogeuka manjano siku chache baada ya upasuaji na kufariki, ini limekufa. Hospitali moja peke yake isingeweza kujua kama ni dawa au ni bahati mbaya. Nchini Marekani hospitali 34 zilikubali kufungua kumbukumbu zao za 1959 hadi 1962, za wagonjwa kupewa usingizi zaidi ya mara 850,000. Ikaonekana kwamba ini kufa ghafla baada ya upasuaji ni nadra sana na kwamba kwa jumla halotheni haikuua kuliko dawa nyingine. Hata hivyo walibaki wagonjwa wachache ambao vifo vyao havikuelezeka, na miongoni mwao walikuwamo waliopewa dawa hiyo tena baada ya muda mfupi. Baadaye ikaeleweka kwamba mwili huvunja karibu asilimia 20 ya halotheni, ilhali kwa dawa zilizofuata, isoflureni ni karibu asilimia 0.2 na desflureni asilimia 0.02. Leo ninapochagua dawa ya kumlaza mgonjwa wa ini natumia ujuzi uliotokana na majalada ya watu waliokwishakufa kabla sijazaliwa. Hospitali zile hazikufungwa kwa kufungua majalada yao.

3. Mashine ipo, vitendanishi havipo.

Hellmut Hartert alibuni kipimo cha kutazama damu ikiganda na kuyeyuka mbele ya macho mwaka 1948, huko Heidelberg, Ujerumani. Kwa miaka mingi kilibaki kifaa cha maabara. Ni daktari wa usingizi, Yoo Goo Kang, ambaye pamoja na wenzake Pittsburgh walikileta kwenye upandikizaji wa ini, wakatibu kile wanachokiona badala ya kubahatisha, na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Sisi tunayo mashine ya aina hiyo. Imefunikwa kitambaa safi. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vikiisha inakaa miezi, na sisi tunarudi kupima damu kwa macho: tunachungulia matambaa na chupa ya kufyonzea. Nimewahi kusubiri majibu ya maabara kuu mpaka mgonjwa akafika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) kabla ya karatasi.

4. Zamu ya usiku hupewa yeyote aliyepo.

Hoja hii ni fupi. Maini hayachagui saa. Daktari aliyemaliza orodha ya mchana ya upasuaji mwingine, ambaye hajawahi kusimamia ufunguaji wa ini hata mara moja, anaweza kukabidhiwa mgonjwa huyu saa nane usiku. Nimepokea simu za namna hiyo nikiwa nyumbani, nikamwelekeza kijana kwa sauti huku nikivaa viatu. Alifanya vizuri. Hakupaswa kuwa peke yake.

5. Hesabu mnazozitangaza zinaanzia mahali pasipo sahihi.

Nililetewa rasimu ya makala ya matokeo yetu niweke jina langu. Jedwali lilianza na wagonjwa waliofika ICU wakiwa hai. Waliofia mezani hawakuwamo, na waliosimamishiwa upasuaji hawakuwamo, akiwamo yule niliyemsimulia hapo juu. Nilikataa kusaini. Niliambiwa kwamba ndivyo wengi wanavyofanya.

Fani yetu imeshaumizwa na hesabu zisizo za kweli. Joachim Boldt, daktari wa usingizi wa Ujerumani, alikuwa mmoja wa waandishi wakubwa duniani kuhusu maji ya wanga waliyokuwa wakiwekewa mishipani wagonjwa waliopoteza damu. Mwaka 2011 makala zake zaidi ya 80 ziliondolewa kwa kukosa kibali cha maadili, na nyingine zikafuata. Watafiti walipoyatoa majaribio yake kwenye hesabu ya jumla mwaka 2013, maji hayo yakaonekana kuongeza vifo na kuumiza figo za wagonjwa mahututi. Fikirini ni wagonjwa wangapi waliowekewa maji hayo na madaktari waaminifu waliomwamini mtu mmoja. Sisemi hata kidogo kwamba ninyi ni sawa na yeye. Hakuna namba mliyoibuni. Lakini jedwali linaloacha waliofia mezani litamfanya daktari wa mahali pengine aamini jambo ambalo si kweli, na atakayelipa ni mgonjwa wake.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasikia koridoni.

Mtasema ni siri ya mgonjwa. Siri ya mgonjwa naiheshimu kuliko barua hii. Majina na namba za majalada huondolewa kabla mtafiti hajaona ukurasa wa kwanza, na kamati ya maadili imelipima hilo na kuridhika. Zaidi ya hapo, familia kadhaa zimeniambia zenyewe kwamba zingependa kilichompata ndugu yao kiwasaidie wengine.

Mtasema matokeo yetu ya mwaka mmoja ni mazuri. Ni mazuri kwa waliohesabiwa, nami najivunia kila mmoja wao. Ila mtu anaweza kuwa hai baada ya mwaka huku akienda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu presha yake ilikaa chini kwa muda mrefu mno usiku ule. Namba ya walio hai haionyeshi hilo.

Mtasema madaktari bingwa wa usingizi ni wachache. Kweli kabisa. Ndiyo sababu wachache waliopo wapangwe kwa jina, wajulikane, na wawafundishe wengine.

Na kuna jibu ambalo halisemwi kwa sauti: kwamba chati zikifunguliwa, litaonekana kosa la mtu fulani. Waheshimiwa, baadhi ya makosa hayo ni yangu. Nimo humo. Kuna chati yenye mwandiko wangu ambayo najua nilichelewa kutoa kalsiamu, na nataka isomwe pamoja na nyingine zote.

Ninaomba mambo haya, na nayaomba kwa tarehe.

Ndani ya siku 14, ombi la kusoma chati lisainiwe, au likataliwe kwa maandishi yenye sababu na jina la aliyekataa. Vyovyote vile, nitakuwa na jibu la kuipelekea kamati ya maadili.

Ndani ya siku 30, ateuliwe daktari wa usingizi mwenye dhamana ya upandikizaji wa ini, mwenye kiti na kura katika kamati. Si lazima awe mimi. Wapo wenzangu wawili wanaofaa kuliko mimi. Asiwekwe mgonjwa kwenye orodha kabla daktari huyo hajamwona na kuandika maoni yake, na kila kipimo cha moyo kinachosema "achunguzwe zaidi" kiwe na jina la anayewajibika kufuatilia.

Vitendanishi vya mashine ya kuganda damu viingizwe kwenye manunuzi ya kudumu, kama zinavyoingizwa nyuzi za kushonea. Na zamu ya ini iwe na daktari wa pili wa usingizi anayepatikana, usiku na mchana.

Makala ya matokeo isitumwe popote mpaka jedwali lianze na kila mgonjwa aliyepewa usingizi kwa ajili ya ini, bila kujali upasuaji uliishia wapi.

Kikao kijacho cha kamati ni Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nimesoma majalada ya wagonjwa wote walioko kwenye orodha. Wawili kati yao nina wasiwasi nao, na nimeuandika wasiwasi huo kwenye karatasi moja kwa kila mmoja. Nitakuwa nimesimama nje ya mlango na karatasi hizo mkononi kabla ya kikao kuanza.

Wenu katika kazi,

Daktari bingwa wa usingizi na mtafiti,
Kitengo cha Upandikizaji wa Ini